Kidimbwi cha Ndege Mashua

Jumatano, mwezi wa nne, 1948. Ukungu tangu alfajiri. Mvua hakuna, upepo hakuna.

Naandika leo leo, kabla sijaanza kujidanganya. Shule niliishia darasa la nne, na mambo ya ndege nayapenda kupita kiasi, kwa hiyo nisiaminiwe haraka.

Kabla ya vita nilikuwa mpagazi gatini Kisumu. Huko niliziona ndege mashua: injini nne, tumbo kama la mtumbwi, zikitua ziwani huku maji yakipasuka pande zote mbili. Niliporudi nyumbani Nyamira sikuwa na hadithi nyingine. Jirani akanicheka, "Bwana Ndege, hata baiskeli hujapanda!" Alisema kweli.

Aliyenisikiliza ni mama tu. Kaka yangu alikwenda vitani, na baadaye chifu akatuambia amepotea Burma, kaburi hana. Siku ile mama aliniuliza jambo moja: "Hiyo ndege yako inataka maji kiasi gani?" Nikamjibu, maji mengi. Tangu hapo kila asubuhi anashuka bondeni kung'oa matete kidimbwini, mwanawe apate pa kutua.

Baba hakuwahi kumkataza. Lakini juzi alisema imetosha, tunyoe nywele tumlilie kijana kama watu wengine wanavyofanya. Wembe akaunoa, siku ya kunyoa ikapangwa iwe kesho. Leo asubuhi akanituma. "Wewe ndiye uliyemjaza hizo ndege. Kamwambie haziji tena."

Si uongo, Kisumu hazitui tena. Nilimkuta mama amesimama majini hadi magotini, nikaingia, nikamwambia. Aling'oa tete jingine. Kisha akainua mkono.

"Sikiliza."

Sauti ilitoka juu ya ukungu, ikazunguka kilima, ikashuka. Ng'ombe waliacha kula. Macho yangu hayakuona kitu. Ghafla ikakatika, na mawimbi madogo yakaja kutoka katikati ya kidimbwi, yakatupiga miguuni. Huenda mama alisogea. Nasema huenda, ingawa nilikuwa namtazama na sikumwona akisogea.

"Wewe unazijua," akaninong'oneza. "Ni yenyewe?"

Ningesema siyo, angenyolewa kesho. Ningesema ndiyo, angezeekea pale kwenye tope.

"Sauti ni ya injini nne, mama. Aliyemo simjui."

Nyumbani nilimrudishia baba maneno hayo hayo, bila kuongeza wala kupunguza. Nikamwambia pia kwamba huenda masikio yangu yana tamaa. Baba aliuchukua wembe.

"Hata mimi niliisikia," akasema, akachomeka wembe kwenye nyasi za paa.

Jioni tulikula ugali wa wimbi, mboga chungu ya chinsaga na maziwa ya mgando. Mama alipakua fungu moja zaidi, akalifunika kwa jani la mgomba. Baba akasogea kidogo, akaacha nafasi.