Chungu Alichokifukia Orlena

Delphia alikuja kuchukua watoto, na wala hakuficha. Alishuka kwenye treni pale mdomoni mwa bonde la Kijito cha Mwewe, akapandisha kwa miguu sanduku likiwa mkononi na matope ya masika yakimvua viatu vyake vya mjini, akafika kwa kaka yake Estill jua bado liko juu. Kule Ohio, alikokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha matairi, alikuwa ameshanunua vitanda viwili vidogo na mablanketi yake. Mungu hakumjalia mtoto. Na huku Kentucky mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa umefungwa tangu kabla ya theluji, Estill hana kazi, anashinda anapasua kuni na kuwinda kuchakuro, na nyumba ina watoto watatu. Yeye aliona jambo hili halina hata haja ya kujadiliwa. Awachukue wale wadogo wawili, Lonzo na Tressie, wakale washibe. Mkubwa wao, Ovaline, abaki kumsaidia mama.

Estill alikuwa ameshakubali, tangu walipoonana kwenye mazishi ya mama yao. Aliyekuwa hajakubali ni mkewe, Orlena.

"Karibu wifi," Orlena alisema mlangoni, akimpokea sanduku. "Mbona umekonda? Huko Ohio hawakulishi?"

Delphia alicheka bila kutaka. "Mimi ndiye niliyekonda? Jiangalie wewe, shingo kama ya kuku anayeatamia!"

"Kuku anayeatamia ana kazi, wifi. Ndiyo maana hanenepi."

Walipokwisha kunawa na kukaa, Orlena akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. "Najua kilichokuleta. Sitagombana nawe, wewe ni damu yao. Ila nakuomba usiwachukue kwa maneno ya kusikia. Kaa mpaka Jumatatu treni ipite tena. Kaa mezani pangu, ule tunachokula. Ukimwona mtoto wangu hata mmoja ameondoka mezani na njaa, mfungie nguo zake wewe mwenyewe, nami nitakusindikiza mpaka kituoni. Usipomwona, panda treni peke yako."

"Haya," Delphia akajibu. "Lakini usije ukaazima vyakula kwa majirani ili kunifumba macho."

"Majirani gani, wifi? Wao ndio wanaokuja kuniomba mimi."

Delphia aliingia jikoni na kuangalia rafu. Palikuwa na pipa la unga wa mahindi lililokuwa limeshuka chini ya nusu, gunia la maharage limelegea, kopo la mafuta ya nguruwe, viazi vichache, mtungi wa mtindi, kipande kimoja cha nyama ya chumvi kimening'inia kwenye kitambaa, na juu ya jiko kamba za maharage mabichi yaliyotungwa na maganda yake kwa sindano na uzi, kama shanga, yakakaushwa mpaka yakakunjamana. Watu wa bonde huyaita suruali za ngozi. Zilibaki kamba mbili tu. Delphia akasema moyoni, Jumatatu ni mbali. Hawafiki.

Jioni ile walikula maharage na mkate wa mahindi. Alijua kuupika mkate ule, alizaliwa palepale, lakini alikuwa amesahau jinsi kikaango kizito cha chuma kinavyowekwa kwanza motoni na mafuta mpaka kitoe moshi, ndipo unga ulioloweshwa kwa mtindi umwagwe na kulia chwaa! Mkate ukatoka na ukoko wa rangi ya dhahabu, na watoto wakaugombea ukoko. Kesho yake maharage yaliyobaki yakapondwa pamoja na unga na vitunguu vya porini, yakakaangwa vibonge. Siku iliyofuata hapakuwa na maharage, bali palikuwa na maji yake. Orlena akakaanga unga mkavu kwenye mafuta kidogo mpaka ukawa na rangi ya udongo, akaukoroga na maji yale, ukawa mchuzi mzito, ukamwagwa juu ya mkate. Tressie, aliyekuwa na umri wa miaka minne, akapiga mbweu mbele ya mgeni.

"Useme samahani kwa shangazi," mama yake akamwambia.

"Samahani shangazi. Tumbo ndilo lililosema."

Delphia akaangalia chini kwenye sahani yake. Hata yeye alikuwa ameshiba, na chakula chake cha kiwandani, chenye nyama kila siku, hakikuwahi kumkaa tumboni namna hii.

Akaanza kumfuata wifi yake kama kivuli, nia yake kuona siri iko wapi. Siri haikuwapo. Alichoona ni mwanamke asiyetupa kitu. Maganda ya viazi yalioshwa yakakaangwa. Mkate uliokauka uliwekwa kwenye mtindi ukawa kifungua kinywa. Na juu ya yote, Orlena alikuwa na sheria moja ambayo watoto wake waliijua kama sala: maji yaliyopikia chakula hayamwagwi. "Nguvu ya chakula imehamia humo," alikuwa akisema, na kila mtoto alipewa kikombe cha maji ya mboga yenye mafuta juu, akatumbukiza mkate wake.

Orlena alilelewa na bibi yake baada ya homa kuwachukua wazazi wote wawili. Bibi hakuwa na shamba la kutosha, alikuwa na mlima. Alimtembeza mjukuu wake msituni kila masika, theluji inapoyeyuka na ghala zimekwisha na bustani hazijaota, majira ambayo watu wa bonde huyaogopa kuliko baridi yenyewe. Akamwonyesha kwa kidole, hili ni la kula, hili ni la dawa, hili lisipopikwa vizuri litakuua. Orlena alijua majani kabla hajajua herufi. Hajawahi kutoka nje ya bonde, na hajawahi kulala bila kushukuru. Delphia alimkuta mara nyingi amesimama mbele ya rafu ile karibu tupu, macho yamefumba, midomo inacheza, kisha anafumbua macho na kunyoosha mkono kama mtu aliyekwisha kuambiwa achukue nini.

"Unamwomba nini?" Delphia alimuuliza siku moja.

"Siombi, wifi. Namwambia kilichopo. Basi nikishamwambia, nami nakiona."

Jumamosi wakapanda mlimani kuchuma poki. Ni mboga inayoota yenyewe pale palipoungua, na machipukizi yake ya kwanza ni laini, lakini ina sumu. Kila mtu mzima wa bonde anajua kwamba huchemshwa, maji yakamwagwa, ikachemshwa tena, yakamwagwa tena, ndipo ikaangwe na nyama. Walirudi na vikapu viwili vimejaa, na Lonzo akaimba njia nzima.

"Kesho tutakula kama matajiri," Orlena akasema. "Nitaitoa ile nyama."

Jumapili wote wakaenda kwenye ibada, isipokuwa Ovaline, aliyeachwa aangalie jiko. Mama yake alimwambia afanye kama anavyoona siku zote. Waliporudi, harufu ya mboga na nyama ilikuwa imetoka nje mpaka barabarani, na Estill akacheka kwa mara ya kwanza tangu dada yake afike. Meza ilikuwa tayari. Mkate ulikuwa chini ya kitambaa. Chungu kilikuwa katikati, kimejaa mpaka kwenye ukingo, mchuzi wa kijani unang'aa kwa mafuta. Delphia akasema moyoni, basi, nimeshindwa. Na hata hakuumia sana.

Orlena alikuwa wa mwisho kuingia. Alisimama kidogo kwenye ngazi ya nyuma, akiangalia chini, kisha akaingia na kukaa. Estill akafumba macho akaanza kushukuru.

"Estill," Orlena akasema. "Ishia hapo hapo. Mtu asiguse kijiko."

Sala ikakatika. Orlena akamgeukia binti yake. "Ovaline, mwanangu. Pale penye ngazi ninapomwaga maji ya poki, udongo ni mkavu. Umeyamwaga wapi?"

Msichana akawa mweupe kama unga. "Sikuyamwaga, mama."

"Ya kwanza?"

"Yamo humo. Yote yamo humo." Machozi yakaanza kumtoka. "Niliona yamekuwa mengi na mazuri. Nikaona yataongeza chakula, shangazi aone tumeshiba, asiwachukue. Nilidhani unamwaga uchungu tu, mama. Wewe mwenyewe umesema maji hayamwagwi."

Orlena akainuka, akakizungushia chungu kitambaa, akatoka nacho. Delphia akamfuata. Huko nyuma ya banda la kuku wifi yake alikuwa ameshachukua jembe, anachimba.

"Unazika?"

"Nikimwaga juu, kuku watachakura."

"Na nyama? Ioshe nyama, Orlena. Hiyo ndiyo ya mwisho."

"Imeshanyonya sumu."

Delphia akatazama shimo likiingia chini, akasikia ndani yake sauti aliyoitambua kuwa ni yake mwenyewe. Ilikuwa inasema kwamba kidogo hakiui. Wape kidogo kidogo, waongezee mkate, huenda wakaumwa tumbo tu, na nani atajua? Angekuwa yeye ndiye mama, angefanya hivyo. Kwa njaa hii, mgeni akiwa mezani, watoto wakiwa wa kupotea, yeye Delphia angefanya hivyo na kumwachia Mungu.

"Wifi," akasema polepole, "unajua treni inapita kesho."

"Najua." Orlena akakiinamisha chungu, na chakula chote kikateremka shimoni na mvuke wake, nyama ikazama mwisho. Alifukia, akapigapiga udongo kwa miguu, akasimama macho yamefumba, midomo inacheza. Delphia alielewa kwamba anamwambia Mungu kilichopo. Akajikuta amevua kofia yake ya ibada, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu, kumbe ni nyuma ya banda la kuku.

Wakarudi. Orlena akaukata ule mkate, akavunja vipande kwenye mabakuli, akamimina mtindi, akakatia vitunguu vya porini juu na kunyunyiza chumvi. Lonzo akala. Tressie akala, akaomba tena, akaongezwa. Ovaline peke yake alikaa na mikono mapajani, bakuli lake halijaguswa.

"Kula," mama yake akamwambia. "Hujaniudhi. Uliishika sheria yangu, mimi ndiye sikukwambia inapokomea."

Msichana akatikisa kichwa. Estill akamtazama dada yake, kisha akatazama pembeni, maana wote wawili walikumbuka makubaliano: mtoto hata mmoja. Ovaline akisimama pale na njaa, neno limekwisha.

Delphia akainuka, akaenda na kiti chake mpaka ubavuni mwa yule msichana. Akachukua kijiko.

"Fungua mdomo."

"Siwezi, shangazi."

"Utaweza. Mimi ni mkaidi kuliko wewe, muulize baba yako."

"Aliwahi kunilazimisha kunywa mafuta ya samaki akiwa amenikalia kifuani," Estill akasema, na Lonzo akapasuka kwa kicheko.

"Sikia, mwanangu," Delphia akasema. "Mimi sitaki kushinda. Nisaidie nishindwe. Kula."

Ovaline akafungua mdomo. Kijiko cha kwanza kilikwenda na machozi, cha pili vilevile, halafu akakichukua mwenyewe mkononi, na bakuli likaisha, naye akalifuta kwa kipande cha mkate. Orlena alikuwa amesimama karibu na jiko, hajaketi bado kula. Aligeuka akaupa ukuta uso wake.

Asubuhi Delphia alifunga sanduku lake, nguo zake tu. Mlangoni Orlena akamwambia, "Vile vitanda visikae bure, wifi. Shule zikifungwa watakuja kukulalia mpaka uwachoke." Kisha akaingia ndani, akapanda kwenye kigoda, akatungua kamba moja ya suruali za ngozi kati ya zile mbili.

"Orlena, hapana. Nitazichukuaje na nyinyi…"

"Yangu inabaki moja, na bustani inaanza kuota. Yaloweke usiku kucha, na upike polepole. Na haya," akacheka, "maji yake usimwage."

Mikono yote ya Delphia ilikuwa imejaa, sanduku huku na mkono wa Tressie kule, aliyekuwa akimsindikiza mpaka kituoni. Kwa hiyo Orlena akamvika kamba ile shingoni. Kwenye treni watu waliovaa vizuri walimwangalia yule mwanamke wa kofia aliyejifunga maharage makavu kama mkufu, wengine wakanong'onezana. Kulikuwa na kiti kitupu ubavuni mwake ambapo angeweza kuiweka. Hakuivua mpaka Ohio.