Kipande cha Misago

Kabibi alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1958, akitoka rasi ya Ubwari, upande wa Kongo, pamoja na mumewe Lukeba, fundi wa kushona nyavu. Mwanzoni walipanga chumba mjini Rumonge, katika ua wa Batuli, mwanamke Mwislamu muuza mawese ambaye wazee wake nao walikuwa wametoka ng'ambo zamani. Miaka mitatu baadaye wakapanda kilima cha Kizuka, wakapata shamba dogo katikati ya michikichi. Huko Kabibi alikamua mafuta siku sita za wiki, na siku ya saba alisali chini ya paa la majani, kwa kuwa kanisa la kilima kile lilikuwa bado halijajengwa.

Lilijengwa kiangazi cha 1962. Familia kumi na moja zilifyatua matofali ya udongo, zikapandisha kuta, zikaezeka. Saruji ya sakafu haikupatikana. Aliyesimamia kazi alikuwa Misago, mkulima wa maneno machache, na siku moja aliingia ndani na kamba, akaipima sakafu na kuigawa vipande kumi na kimoja, kila familia kipande chake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanawake wangekuja na udongo mwekundu, majivu na samadi mbichi ya ng'ombe, na kila mmoja angesiriba kipande cha nyumba yake.

Palikuwa na mnong'ono. Wako waliouliza kama mtu wa ng'ambo anastahili kuwa na kipande katika kanisa la kilima. Misago aliendelea kukunja kamba yake.

"Mugeni apewe mulangoni," alisema. "Kati yetu sote, yeye ndiye anajua kupiga hodi."

Watu walicheka, na mnong'ono ukaishia hapo. Kabibi akapewa kipande cha mlangoni, ambako kila mguu hupita.

Usiribaji wa kwanza ulifanyika Jumamosi ya tarehe 30 Juni. Kesho yake, Dominika, nchi ilipata uhuru, na hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja sakafu ikauke. Ngoma zilisikika tangu alfajiri. Watu waliingia kusali, wakatoka kucheza, wakarudi tena kusali. Kufika jioni kipande cha mlangoni kilikuwa kimekanyagwa kama njia ya mbuzi. Batuli, aliyepanda kutoka mjini kutazama sherehe, aliinama, akachunguza nyayo zile.

"Yaya Kabibi," alisema, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "uhuru umepita kwako, na haukuvua viatu."

Jumatatu Kabibi alikisiriba upya.

Miaka ikaenda. Kazi ile ya kila mwezi ilikuwa na utaratibu wake: kwanza unakwaruza sakafu ya zamani kwa kigae ili mpya ipate kushika, ndipo unanyunyiza maji, ndipo unapaka kwa kiganja, ukirudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa kipande. Kila mwanamke alikuwa na alama yake. Kabibi alipitisha vidole huku na huku hata pakaonekana kama wavu, kwa sababu ya kazi ya mumewe. Anastasie, mke wa Misago, alichora nusu duara zilizopandana kama magamba ya samaki, mbele ya altare kabisa, ambako kipande chao kilikuwa. Ungeweza kuingia katika kanisa tupu ukajua ni nani amekuja na nani anaumwa. Tena mikono ikiwa kwenye samadi, midomo haina kazi: hapo ndipo ilipojulikana nani amejifungua, shamba la nani limemshinda na linahitaji kulimwa kwa pamoja, binti wa nani anaposwa.

Lukeba alifariki mwaka 1966, kwa homa ya kifua. Wanawake wa kanisa walimletea Kabibi chakula siku saba. Siku ya nane walikuja wote, Anastasie akiwa mbele, na bila kusema mengi wakasiriba sakafu ya nyumba yake, chumba hadi chumba. Kabibi aliwatazama akilia. Alielewa hivi: hapa, mtu akibaki peke yake, wenziwe humsiribia. Hakuna aliyemweleza zaidi, kwa kuwa kilimani hakuna aliyewahi kuhitaji kuelezwa.

Tarehe 29 Aprili 1972 ilikuwa pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wanawake walimaliza kusiriba alasiri, wakanawa mikono, wakaenda zao. Jioni ile mambo yaliharibika pwani nzima ya ziwa. Kwanza walikuja waasi wenye mapanga, wakaua. Kisha wakaja askari wa serikali wenye bunduki, wakaua kwa wiki nyingi zaidi. Kabibi alijificha mjini kwa Batuli, katika chumba kilekile cha mwaka 1958. Familia nne za kanisa zilivuka kwenda Kigoma, na baadaye zikatuma salamu kwamba zimefika. Anastasie alikimbilia msitu wa Kigwena pamoja na binti yake Généreuse, kisha akafika Muhuta kwa dada yake. Kuhusu Misago, palikuwa na neno moja tu: mvuvi mmoja alimwona akishuka kuelekea ziwani, peke yake, asubuhi moja ya mwezi wa tano. Hakuna aliyemwona akipanda mtumbwi. Hakuna aliyemwona akirudi.

Mwishoni mwa Julai Kabibi alirudi Kizuka. Alikuta kanisa limelaliwa na mbuzi na sakafu imejaa viroboto. Katekista Hyacinthe, mwanamume mpole aliyekuwa amekonda sana, alimwambia kwamba padiri angekuja Dominika ya pili ya Septemba.

"Basi asikute zizi," alisema Kabibi.

Jumamosi ya mwisho wa Agosti alianza, Batuli akimpokeza maji na samadi. Walifanya kazi siku tatu. Alisiriba vipande vyote, cha kwake na vya wasiokuwapo, akiwaza jinsi alivyosiribiwa yeye alipokuwa peke yake. Kipande cha mwisho kilikuwa kile cha mbele ya altare. Magamba ya Anastasie yalikuwa bado yanaonekana chini ya vumbi.

"Hiki hukukikwaruza," Batuli alisema.

"Mikono imekwisha."

"Hakitashika, yaya. Miye Mwislamu, lakini udongo naujua."

"Kitashika mpaka padiri aende."

Dominika iliyofuata, tarehe 3 Septemba, Anastasie aliingia kanisani. Alikuwa amerudi kutoka Muhuta siku iliyotangulia. Kabibi, aliyekaa mlangoni, aliinuka kumpokea. Lakini Anastasie alikuwa akitazama mbele. Alisimama pale kwa muda wa kusema Baba Yetu moja. Kisha akageuka, akatoka, bila kumwamkia mtu.

Kabibi hakuyasikia masomo ya siku ile. Sala ilipokwisha, alipanda hadi nyumbani kwa Anastasie, akamkuta uani akimenya mihogo.

"Amahoro, mama Généreuse."

"Amahoro." Kisu hakikusimama. "Nani alikupa habari?"

"Habari gani?"

"Ya Misago. Kama kuna mutu alikwambia amekufa, uniambie kwa kinywa. Mimi ndiye muke wake. Si vizuri niikute habari ile chini, kwenye sakafu."

"Hakuna mutu aliniambia kitu."

"Sasa juu ya nini umemaliza kilio chake?"

Kabibi aliketi juu ya kinu kilichoangushwa.

"Siku ya nane ya Lukeba," Anastasie alisema, "sisi tulikuja kwako na samadi. Ulidhani tulikuja kufanya nini?"

"Nilidhani munanionea huruma."

"Huruma ilikuwa chakula. Sakafu ilikuwa kukwambia: basi, amekwenda, inuka, rudi shambani. Mutu mwingine akikusiribia, kilio kimefungwa." Aliweka muhogo chini. "Misago iko Kigoma. Ao iko Kongo. Ao hayuko. Mimi sijue. Na kama mimi sijue, mukono wako ulijua namna gani?"

Kabibi aliinuka kwenye kinu. Miaka sita alikuwa ameishi na kosa lile bila kulijua, na sasa alikuwa amemzikia rafiki yake mume, tena mtu yuleyule aliyempa yeye mahali pa kukaa. Alisema tu, "Unisamehe," akashuka.

Batuli alimkuta jioni ameketi mbele ya jiko lisilo na moto. Alisimuliwa yote, akaketi kando yake.

"Maneno ndiyo hayarudi," alisema. "Udongo unabanduka. Na wewe, nilikwambia ukwaruze, ukakataa. Leo uvivu wako utakuwa na kazi."

Jumatatu asubuhi Kabibi alipiga magoti mbele ya altare akiwa na mwiko wa mbao. Hakunyunyiza maji. Aliingiza ncha ya mwiko kando ya ukuta, chini ya tabaka jipya, akainua polepole. Lilitoka vipande vyembamba, kama ukoko wa ugali. Mahali pengine lilivunjika na kuondoka na la chini. Hapo alisimama, akapumua, akaanza upande mwingine. Ilimchukua siku nne. Sehemu kubwa ilipotea. Lakini kando ya ukuta, urefu wa mkono na nusu, nusu duara za tarehe 29 Aprili zilijitokeza, moja juu ya nyingine.

Hyacinthe alikuja, akashika kiuno.

"Mama Kabibi, padiri anakuja Dominika. Ataona kidonda mbele ya altare."

"Aone."

Jumamosi Kabibi alipanda tena kwa Anastasie. Alisimama nje ya ua. "Njoo utazame, kama moyo unaweza," alisema, akatangulia bila kungoja.

Anastasie alikuja jua likiwa limeanza kuteremka. Aliinama kando ya ukuta, akaweka kiganja ndani ya nusu duara moja, ikamtosha. Katika kila alama mlikuwa na mstari mwembamba uliokata udongo.

"Hii ilikuwa pete," alisema. "Niliitoa Kigwena, kwa kikombe cha unga." Aliondoa kiganja, akakipangusa. Kisha akasema, "Kipande hiki usikiguse mpaka nikuite."

"Hata nikizeeka?"

"Utakuja na fimbo."

"Na usipoita?"

"Basi kitakuwa na vumbi. Misago anajua vumbi."

Kesho yake padiri alimwuliza Hyacinthe kwa nini sehemu ile haikutengenezwa. Hyacinthe alijibu kwamba mwenye kipande yuko safarini. Padiri aliitazama sakafu, akaisogeza meza ya altare hatua moja upande wa kushoto, akaanza misa.

Tarehe 30 Septemba, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, walikuja wanawake sita. Anastasie aliingia na kibuyu cha maji. Alinyunyiza kipande cha Misago kwa vidole, kiasi cha kutuliza vumbi tu, na kazi yake ikawa imekwisha kabla wenzake hawajaanza. Alisimama akiwatazama. Halafu akakunja mikono ya nguo, akaenda mlangoni, akapiga magoti karibu na Kabibi.

"Umekwaruza safari hii?"

"Nimekwaruza."

"Sogea basi."

Kabibi alisogea. Walirudi kinyumenyume pamoja hadi kizingitini, na walipoinuka kunawa, kipande cha mlangoni kilikuwa nusu wavu, nusu magamba.