Ambrayaji ya anfirmie

Naandika haya kwa aibu. Juzi mke wa anfirmie mgeni, muuguzi aliyekimbilia hapa Kasenga kwa ajili ya uasi, alinisukumia pikipiki ya mume wake hadi karakana yangu nizibe gurudumu tu. Nikaona mkono wa ambrayaji, ule wa klachi, umewekwa karibu kabisa na gidoni, usukani wenyewe. Nikadhani ni kazi ya fundi mjinga. Bila kuuliza, nikausogeza mbali, mahali panapofaa vidole vyangu minye.

Jana asubuhi anfirmie akaja mbio. Luvungi kulikuwa na mama aliyeshindwa kuzaa tangu usiku. Akanisalimu kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukiwa mfukoni. Alipotia gia, pikipiki ikaruka, ikazimika. Mara ya pili, vilevile. Nami nikacheka mbele ya watu:

"Papa, vuta ambrayaji! Weye unaogopa nini?"

Hakunitukana, lazima niseme kweli. Aliinua tu mkono wa kushoto, wote wakauona: dole gumba na vidole viwili vifupi, ndivyo risasi ilivyombakishia.

"Minye mwenyewe niliiweka karibu, fundi. Rudisha upesi. Yule mama iko ananingojea."