Siku Lan Alipochaguliwa Timu ya Taifa

Jana nilimwona Lan kwenye simu ya mama, amevaa jezi ya taifa ya hoki ya barafuni, nikakumbuka ule mchana wa majaribio.

Lan alikuwa binti wa jirani yetu Mchina hapa mtaa wa Sanyuanli, mkubwa kwangu, nami nilimpenda hadi nikaona haya kumsalimia. Alituomba twende kumshangilia. Ukumbi ulinuka soksi mbichi, na baridi ilinichoma puani. Magongo yaligonga barafu, ko, ko. Lan aliangushwa, akainuka, akaangushwa tena, akainuka kwa kasi ileile.

Kisha kocha akapita akiwagusa mabega wasichana wachache na kuwaweka pembeni. Lan naye akaguswa. Nikaangua kilio. Nilizoea kumfuata mama sokoni Zhanxi akinunua viatu vya kupeleka Mwanza, na kila chenye kasoro alikiweka pembeni.

"Mama, wamemtoa! Ana kasoro gani?"

"Kasoro wapi, we mtoto? Hao wa pembeni ndio wanaochukuliwa. Futa kamasi, anakuja."

Lan alikuja ukingoni, jasho likimtiririka. "Mbona unalia, mdogo wangu? Nimecheza vibaya?"

Nilitaka kumwambia hakuna aliyecheza kama yeye. Nikatikisa kichwa tu. Akacheka, akavua glavu yake, kubwa, yenye joto na jasho, akanivisha.

Tuliporudi naye kwa treni ya metro, nilishika bomba la kushikilia kwa mkono ule wenye glavu, juu kabisa nilipoweza kufika, ili watu wote waione.