Leo Sitakuzimia Jua

Mwenye kucheka acheke sasa, amalize, ndipo nianze. Kisa hiki hakikumpata shemeji wa jirani yangu. Kilinipata mimi mwenyewe, muchana kweupe, nyumbani kwangu Katoyi, hapa Goma, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa chai na kipande cha muhogo, basi. Pombe mimi sigusi.

Ilikuwa miaka ya vita. Simu za mukononi zilikuwa za wakubwa tu. Sisi wengine tulikuwa na foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali, yenye bateri ya gari na waya uliotandazwa juu ya bati. Mutu anakuja, ananipa jina la ndugu yake na muji, naita, mwenzangu wa kule anatuma watu wamutafute, kisha wanaongea. Wakati huo kila mutu alikuwa amepotezana na mutu: mume yuko Sake, bibi Rutshuru, watoto hawajulikani. Mimi ndiye niliwaunganisha. Waliniita Mama Foni, na waliniogopa, maana mudomo ninao.

Sasa, foni ina adui ambaye wengi hawamujui, naye ni jua. Niamini. Jua ina madoa meusi, na penye madoa, siku nyingine moto hulipuka. Ikilipuka, foni zote za upande wa dunia wenye muchana zinakufa, dakika kumi, hata saa nzima, na mteja anadhani umemuibia. Muzee mumoja, mwalimu wa fizike aliyepanga kwangu, ndiye alinifundisha kuitazama jua bila kuharibu macho. Unafunga jumeli dirishani, yale macho ya kutazamia mbali, unaziba jicho moja la jumeli, na jua inapita kwenye jicho lake lingine na kuanguka juu ya karatasi nyeupe mezani, duara kama kisahani cha chai. Madoa unayafuata kwa kalamu. Muzee alipohama aliniachia jumeli na kaye yake, daftari la michoro.

Kila asubuhi nachora, kisha namuita Kambale, mwenye foni wa Butembo, ambaye nilikuwa nimemuambukiza ugonjwa huo.

"Kambale, leo una madoa mangapi?"

"Saba, Mama Foni."

"Wapi! Ni tisa. Pangusa jumeli yako."

Ndiyo ilikuwa furaha yetu. Ubaya wake ni mumoja: mutu akisimama dirishani, jua inazima kwenye karatasi. Na wateja wote walipenda kusimama dirishani. Kutwa nzima nilikuwa napiga kelele, "Uko unanizimia jua!"

Asubuhi moja akaja mwanamuke mwenye kitenge cha kijani, amekumbatia mufuko wa plastiki. Akaegemea dirisha, duara yangu ikazima yote, na mimi wakati uleule nilikuwa nafuata kundi la madoa kubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Nikawaka.

"Mama, uko unanizimia jua! Toka hapo, urudi kesho!"

"Pole, mama," akasema kwa sauti ndogo, akaondoka.

Sikumuuliza jina. Hata uso sikuutazama vizuri. Niliona mukono tu, umeshika ubao wa dirisha, unatetemeka, nikajisemea ni baridi. Baridi gani, saa nne, penye jua?

Saa sita ya siku ileile Kambale akaniita. "Mama Foni, niko na mutoto hapa, anaitwa Masika, ana miaka nane. Mama yake ni Katungu. Aliteremka Rutshuru kuuza maharagwe na kumutafutia viatu vya komunyo ya kwanza, vita ikakata barabara. Wanasema alikimbilia kwenu, kambi ya Mugunga." Yule mutoto alikuwa anakaa chini ya meza ya foni tangu asubuhi mpaka jioni, na alikuwa amekataa kula mpaka asikie sauti ya mama yake. Shangazi yake alijaribu ugali, akajaribu ndizi, akajaribu fimbo. Wapi.

Nikabandika karatasi kwenye mulango wa parokia. Nikatuma habari Mugunga kupitia vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Siku ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Kila saa sita Kambale ananiambia mutoto amekunywa maji tu, kisha ananiambia hasimami tena, amelala palepale chini. Na mimi kila nikifumba macho naona ule mukono wa dirishani. Moyo uliniambia ni yeye. Nikauambia moyo nyamaza.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, jua ikalipuka. Kwenye karatasi hauoni kitu, unasikia. Nilikuwa naongea na Kambale, sauti yake ikadidimia, ikazima, na ule "shiii" wa foni nao ukazima. Nikaita Beni, kimya. Nikaita Bukavu, kimya. Nikafukuza wateja wote, nikafunga mulango, nikaketi kuchora lile kundi, maana sasa lilikuwa limesogea karibu na ukingo wa duara.

"Jambo, mama."

Alikuwa amekwisha kuingia. Kitenge cha kijani, mikono mitupu. Mulango sikuusikia, na mulango wangu ule unalia kama mbuzi.

"Leo sitakuzimia jua," akasema.

Haya niliyoona, wee! Mpaka masikio yakawaka. Nikamuuliza, "Wewe ni Katungu?" Akaitika kwa kichwa. Kisha akasogea mezani, akainama kati ya dirisha na karatasi atazame. Mazoea mabaya: mudomo wangu ulikwisha kufunguka nipige kelele. Lakini jua ilikuwa palepale. Mwanamuke mzima na kilemba chake amesimama katikati ya mwanga, na duara haikupungua hata kidogo. Akanyoosha kidole mpaka kwenye doa kubwa. Hakikutia kivuli.

"Hii ndiyo ulikuwa unachora siku ile?"

"Ndiyo."

"Ni nzuri," akasema.

Yezu Maria! Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilibaki na kalamu mukononi. Na kusema kweli, nilimuonea haya kuliko nilivyomuogopa.

"Niitie Butembo, mama."

"Foni imekufa. Jua imeiua."

"Jaribu tu, mama yangu."

Nikashika kipaza sauti. "Butembo, Butembo, hapa Goma." Kambale akajibu, sauti safi, kana kwamba tumeketi meza moja. Nikamuambia alete mutoto. Nikamusogezea Katungu kipaza sauti.

"Mama?"

"Masika. Umekula?"

"Hapana."

"Kwa nini unaniumiza hivyo? Leo ule. Ule mbele ya shangazi, aone."

"Utakuja lini?"

Katungu akasema polepole, kama mutu anayemusuka mutoto nywele bila kutaka kumuumiza: "Sitakuja, binti yangu. Usilale tena chini ya meza ya papa Kambale kuningoja. Viatu vitakuja. Nilichukua vikubwa kidogo kwa sababu unakua haraka, shangazi atie karatasi mbele. Ninakupenda, Masika. Hata ukinikasirikia, ninakupenda."

Mutoto alilia kule. Katungu hakulia. Mimi ndiye nililia, tena kwa sauti, mimi mwenye mudomo.

"Aksanti, mama," akaniambia. Nikageuka kuweka kipaza sauti mahali pake, nilipoinua macho hayupo, na mulango haukulia. Foni ilikaa kimya mpaka karibu saa tano. "Shiii" iliporudi, kitu cha kwanza nilichosikia ni Kambale anapiga kelele: "Mama Foni, mutoto amekula! Bakuli mbili!"

Kesho yake jirani ya Katungu wa Mugunga akaja na ule mufuko wa plastiki. Ndani, viatu vyeupe. Katungu alikuwa amemuagiza, akisema kama haponi, vipelekwe kwa Mama Foni wa Katoyi, yeye atajua njia.

"Alikufa lini?" nikauliza.

"Siku tatu sasa. Kuhara. Siku ile alipotoka kwako alirudi hoi, lakini hakukusema vibaya. Alisema uko na kazi kubwa na jua."

Nilikaa chini, palepale kwenye sementi.

Viatu niliviweka kwenye ndege ndogo ya wafanyabiashara inayokwenda Butembo. Ndani ya kimoja nilitia mukurasa wa siku niliyomufukuza, mchoro haukumalizika. Ndani ya kingine, mukurasa wa siku aliyorudi. Masika alipokea komunyo na jua mbili kwenye vidole vya miguu.

Sasa ni mwanamuke, na mwaka jana alikuja kunitazama. Nilimuungamia yote, na kelele zangu vilevile. Alikwenda akaegemea dirisha, palepale alipoegemea mama yake, na duara ikazima yote. Akashituka: "Pole, mama, niko nakuzimia jua." Nikamuambia, kaa hapohapo, mutoto wangu, usitoke.

Foni niliuza zamani. Kuchora bado nachora, na watu bado wanasimama dirishani. Jua ikizima kwenye karatasi, namushukuru Mungu, maana huyo ni mutu muzima, yuko hai, wakati wa kumuuliza jina bado upo. Na wewe unayenisikia, mutu akikuzimia jua, muulize jina, mupe kiti. Usingoje arudi siku ambayo hazimi kitu.