Sahihi za Wilf Oxtoby

Wilf Oxtoby alikata samaki miaka thelathini na minane, mpaka kiwanda kikafungwa akabaki na kisu chake na goti bovu. Ana miaka sitini na mbili, anakula posho ya serikali, na posho ina masharti: saa thelathini na tano za kutafuta kazi kila wiki, tena kwa ushahidi.

Kutafuta, alitafuta. Bandarini kwetu kazi haiombwi kwa barua. Unasimama mlangoni alfajiri, kisu umekiviringisha kwenye kitambaa. Msimamizi akitikisa kichwa, unakwenda mlango wa pili. Wilf alipita milango kumi na minane, kisha kwenye fomu akaandika: "Nimetafuta." Basi.

"Mzee wangu, wiki nzima neno moja?" aliuliza Bi Lorna wa ofisi ya kazi.

"Ndilo nililofanya."

"Lete sahihi za wasimamizi na sababu zao za kukukataa, kabla ya Ijumaa. La sivyo posho inakatwa mwezi mzima."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasoma kompyuta, na kompyuta haina haya.

Mimi mpwa wake nilikuwa nimemsindikiza. Nje nikamwambia, "Mjomba, nipe kalamu. Nina miandiko kumi na minane, chuo hakikunifunza kingine."

"Siibi majina ya watu."

Tukazunguka. Wengi waliweka sahihi huku wakitazama pembeni. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Craig Sleight, sasa msimamizi, ambaye Wilf ndiye aliyemfundisha kushika kisu.

"Ongezeni barafu, chewa wa zamani kaja!" mmoja akapiga kelele ndani. Craig akamnyamazisha kwa jicho.

Sahihi akaweka. Kwenye sababu akakwama.

"Niandike hakuna nafasi?"

"Tangazo lako liko mlangoni. Unataka wakataji wawili."

"Basi niache wazi, Wilf."

"Ukiacha wazi, sili."

Wilf akautoa mkono wa kulia mfukoni, ule tuliodhani anaukinga baridi, akauweka mezani. Ulikuwa unatetemeka hadi kalamu ikabingirika.

"Andika: hawezi tena kushika kisu."

Craig akaandika, polepole.

Bi Lorna akaipokea karatasi, posho ikapona. Habari ya mkono, alisema, ni ya daktari, na miadi ni Machi. Mpaka hapo saa za kutafuta kazi ni zilezile. Jumatatu Wilf alianza tena mlango wa kwanza, na safari hii bandari nzima ilishajua.