Kanzu Iliyokataa Kuzama

Katika kaya zetu kumi na tisa za wakulima wa kahawa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, watu wote ni Wayahudi isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyetuingiza katika Uyahudi.

Anaitwa Simiyu, mume wa dada yangu Nekesa. Ndiye aliyeisoma Torati mwanzo hadi mwisho, kisha akasimama kanisani na kumuuliza mchungaji ni nani aliyeihamisha Sabato kutoka Jumamosi. Jibu alilopewa halikumtosha. Tukaanza kukutana nyumbani kwake. Tukaacha nguruwe, tukaacha kulima Jumamosi hata mvua ikitushawishi. Miaka ikapita. Simiyu akapata kazi ya ulinzi Dubai, na alipokuwa huko ndipo marabi watatu walipokuja kijijini, wakatuhoji mmoja mmoja, wakatuzamisha mtoni na kutuandikia vyeti. Mwanzilishi hakuwepo.

Tangu siku hiyo ndoa ya dada yangu ina tatizo. Mke ni Myahudi, mume bado. Mpaka Simiyu naye aongoke na wafungishwe ndoa upya kwa sheria yetu, akija likizo atalala kwa kaka yangu. Nekesa alimwambia kwa simu, akicheka lakini hatanii: "Baba Wekesa, mlango wangu uko wazi mchana tu."

Mimi ni katibu wa kikundi cha kahawa. Mnunuzi mmoja wa Dubai alitaka kuonja kahawa yetu. Wakati huohuo mmoja wa wale marabi akaandika kwamba atapita Dubai kwa siku mbili, na wenzake wawili wanaoishi huko watakaa naye wamsikilize Simiyu, mradi mtu wa kijijini aende kumtolea ushahidi. Kikao kizima kikageuka kunitazama.

Jumapili alfajiri niliondoka na kilo tano za kahawa na barua ya kumshuhudia Simiyu, yenye sahihi za wakubwa wote. Mama yake alipiga dole gumba mara mbili, lisije moja likakataliwa.

Uwanja wa ndege wa Nairobi, askari alifungua begi langu akanusa. "Mama, unawapelekea Waarabu kahawa? Hiyo ni kama kumpelekea Mluhya kuku."

"Na ni Mluhya gani umeshamwona akikataa?" nikamuuliza. Akafunga zipu akicheka.

Jumatatu mchana nilifika Al Warqa, mtaa wa nyumba kubwa zenye kuta ndefu na vivuli vichache. Simiyu alikuwa kwenye kibanda cha mlinzi, sare imemkaa kama ya kuazima.

"Shemeji! Usinisogelee, mimi bado mtu wa mataifa."

"Nakuona. Umekonda kimataifa."

Mwenzake wa zamu, Musa, Mwislamu kutoka Uganda, alinipa maji baridi na kunieleza utaratibu wao. "Ijumaa mchana ananishikia zamu mimi niende msikitini. Jumamosi namshikia yeye. Jumapili tuko kazini wote wawili, tunabishana tu nani ana dini ngumu."

Jumanne, sebuleni kwa mmoja wa marabi, niliisoma barua na kujibu maswali. Ndiyo, anashika Sabato. Ndiyo, alikuwa akiwafundisha watoto. Kisha rabi aliyekuja kutoka mbali, mzee mwembamba asiye na haraka, akamgeukia Simiyu: "Kwa nini unataka kuubeba mzigo huu?"

"Nilikwisha kuubeba, rabi," Simiyu akajibu. "Niliwapeleka watu wote mpaka mlangoni, wakaingia. Mimi nilibaki nikitafuta karo."

Marabi wakatazamana. Wakamkubali. Tohara haikuwa swali kwa Mbukusu, kwetu kila kijana hutahiriwa. Lilitakiwa tone moja tu la damu, nalo daktari alilitoa jioni ileile. Kilichobaki kilikuwa maji: kuzama mzima, hata unywele mmoja usibaki juu.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa ufukweni. Bahari inafaa kwa kuzamia, lakini shida zilikuwa mbili. Sheria ya dini inataka kusiwe na kizuizi chochote kati ya mwili na maji. Sheria ya ufukwe haitaki mtu uchi. Marabi walijadiliana, wakakubaliana kwamba vazi pana linalopitisha maji litafaa. Musa akafungua mfuko wake, akatoa kanzu yake ya Idi.

"Irudi safi," alisema. "Na wewe urudi."

Hiyo ndiyo shida ya pili: Simiyu ni mtu wa mlimani, hajui kuogelea.

Niliombwa nigeuke nitazame barabara, nikageuka. Kwa hiyo sikuona lolote, ninaandika nilichosikia. Musa alisimama karibu yangu akinitangazia kama mpira.

"Ameingia. Maji kifuani. Anachuchumaa... lo! Kanzu imejaa hewa, amekuwa puto! Miguu juu, shemeji yako amelala kama boya."

Nikasikia marabi wakimwambia atoe hewa ndani ya kanzu kwanza.

"Mara ya pili. Anazama, anazama... amezama! Au kisogo? Nafikiri amezama. Ya tatu sasa, yuko chini..."

Filimbi ikalia. Mwokoaji wa ufukweni aliona mtu aliyevaa nguo akipotea majini, akakimbia kuokoa roho. Simiyu akaibuka kama risasi, akikohoa na kumwambia mwokoaji, "Niache, kaka, ndiyo naokoka!"

Tulicheka wote, hata mwokoaji alipoelezwa. Rabi mmoja pekee hakucheka. Wenzake wawili walisema ya tatu ilikatizwa, lakini mara ya pili ilikuwa kamili na moja kamili inatosha, wakatia sahihi palepale juu ya boneti ya gari. Yule mzee mwembamba alisema aliona nywele za kisogoni zikibaki juu ya maji. Hakukataa, alisema atatafakari na ataandika. Turudie? Basi la kampuni lilikuwa linamsubiri Simiyu kwa zamu, na ndege ya mzee ingeondoka mchana.

Alhamisi mnunuzi alionja kahawa, akaagiza magunia manne. Ijumaa nilikuwa njiani kurudi.

Safari hii imenifundisha kwamba kuonyesha njia na kufika ni kazi mbili, na kwamba watu watatu wakitazama kichwa kimoja wanaweza kuona vichwa viwili. Musa aliponiaga aliniapia kwamba Simiyu alizama. Simiyu mwenyewe anasema alikuwa amefumba macho.

Cheti kiko kwa Nekesa, ndani ya bahasha, kikiwa na sahihi mbili kati ya tatu zinazotakiwa. Simiyu atatua Nairobi Alhamisi ijayo. Rabi wa tatu hajaandika.